Mafuta ya nazi yameganda, je, yamechakachuliwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kani baina ya molekuli

Ukurasa huu ulianza na swali moja tu, lile la kwanza hapa chini. Kila ifikapo Juni na Julai huulizwa tena, na kila nikilijibu huzaa jingine: mara la gesi, mara la pilipili, mara la mjusi. Mengine yametoka kwa wanafunzi wa sekondari waliosoma mada hii kwa Kiingereza, wakaikariri na kupata alama zao, ila hawajawahi kuisikia ikisemwa kama watu wanavyosema nyumbani.

Nilinunua mafuta ya nazi Tanga yakiwa majimaji. Nimefika nayo Njombe, asubuhi nayakuta meupe na magumu kama samli. Nimeuziwa feki?

Hapana. Mafuta halisi ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Tanga wakati wa kaskazi joto halishuki kiasi hicho, kwa hiyo chupa hukaa majimaji mchana na usiku. Njombe mwezi wa Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hata hapo Tanga penyewe, alfajiri ya kipupwe utayaona yameanza kuweka utando mweupe chini ya chupa.

Wa kumtilia shaka ni yule mwenye chupa iliyokaa Njombe wiki nzima bila kuganda. Hayo ama yamechanganywa na mafuta mengine, ama ni yale ya saluni ambayo sehemu yake inayoganda ilishaondolewa kiwandani.

Ndani ya chupa kinatokea nini hasa?

Molekuli zenyewe hazibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni jinsi zinavyokaa na majirani zao.

Kila molekuli huvutwa kidogo na molekuli iliyo jirani. Mvutano huo ndio kani baina ya molekuli. Upande wa pili kuna joto, ambalo kwa kweli ni hekaheka: molekuli zinatikisika, zinapigana vikumbo, zinahama. Hekaheka ikizidi mvutano sana, molekuli hutawanyika na kitu kinakuwa gesi. Zikikaribia kulingana, molekuli hukaa pamoja lakini zinapishana, nacho ni kimiminika. Mvutano ukishinda, kila molekuli hunaswa mahali pake, kitu kikawa yabisi. Usiku wa Njombe haukuongeza kitu kwenye chupa yako. Umepunguza hekaheka, basi.

Je, kani hizi ndizo zinazoshikilia atomi ndani ya molekuli?

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fikiria watu walioketi barazani. Muda wa magharibi umefika, kila mmoja anainuka na kwenda zake. Baraza limevunjika, lakini hakuna mtu aliyevunjika. Bondi kati ya atomi ni mwili wa mtu. Kani baina ya molekuli ndiyo iliyowakalisha pamoja. Unapochemsha maji unavunja baraza. Viputo vinavyopanda sufuriani ni maji yaleyale katika hali ya mvuke. Si haidrojeni na oksijeni, ingawa nimeona jibu hilo likiandikwa kwa kujiamini kabisa.

Tofauti ya nguvu ni kubwa. Kutenganisha molekuli za maji za moli moja, yaani gramu 18, zikiwa kwenye kuchemka, kunahitaji kilojuli 41 hivi. Kuzivunjavunja molekuli hizohizo hadi atomi mojamoja kunahitaji zaidi ya kilojuli 900. Jiko la mkaa linaweza la kwanza. La pili haliliwezi.

Molekuli isiyo na chaji inavutaje nyingine?

Kwa elektroni zake, ambazo hazitulii. Kwa kitambo kidogo mno elektroni hujikuta nyingi upande mmoja wa molekuli. Upande huo unakuwa hasi kidogo, upande wa pili chanya kidogo. Elektroni za jirani nazo husukumwa, naye anapata pande mbili, na papo hapo wanavutana. Kufumba na kufumbua pande zimegeuka, lakini kwa kuwa zinageuka pamoja, mvutano unabaki. Hii ndiyo kani ya London. Jina hilo halina uhusiano na mji wa London. Ni la mwanafizikia wa Ujerumani, Fritz London, aliyeieleza mwaka 1930.

Kabla yake alikuwapo Mholanzi Johannes Diderik van der Waals, mtoto wa seremala aliyeanza kama mwalimu wa shule. Katika tasnifu yake ya mwaka 1873 alionyesha kwamba tabia ya gesi haielezeki mpaka ukubali mambo mawili: molekuli zina ukubwa wake, na zinavutana. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910. Ndiyo maana kani hizi kwa jumla huitwa kani za van der Waals.

Kuna molekuli nyingine ambazo pande zake hasi na chanya ni za kudumu, kwa sababu atomi mojawapo inajivutia elektroni kuliko mwenzake. Hizo huitwa molekuli zenye ncha. Na kuna hali maalumu, haidrojeni iliyoungana na oksijeni, naitrojeni au florini, ambapo haidrojeni hubaki karibu uchi, ikainyemelea atomi kama hizo kwenye molekuli jirani. Hiyo ni bondi ya haidrojeni. Jina linapotosha kidogo, maana kwa nguvu haifikii bondi halisi za ndani ya molekuli, lakini limeshazoeleka.

Kama kani ya London ni dhaifu, inawezaje kufanya kitu kiwe kigumu?

Kwa kurudiwa. Molekuli ikiwa ndefu, ina elektroni nyingi na sehemu nyingi za kugusana na jirani. Angalia familia moja ya molekuli za kaboni na haidrojeni, ambazo zote hazina kani nyingine ya maana zaidi ya hiyo ya London. Methani yenye kaboni 1 huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Propani ya kaboni 3, nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani ya kaboni 4, karibu na sifuri. Pentani ya kaboni 5, nyuzi 36 juu ya sifuri. Oktani ya kaboni 8, nyuzi 126. Ukiendelea hivyo unapita petroli, mafuta ya taa, dizeli, unafika kwenye nta ya mshumaa, na mwisho kabisa lami ya barabarani, ambayo hata jua la Dodoma huilainisha tu.

Umbo nalo lina neno. Pentani ina ndugu mwenye atomi zilezile na idadi ileile, ila amejikunja kama mpira. Yeye huchemka kwenye nyuzi 9 na nusu badala ya 36. Mipira miwili hugusana mahali padogo. Vijiti viwili vikilala sambamba hugusana mwili mzima.

Basi hilo ndilo linaloeleza mafuta ya kula?

Ndilo. Molekuli ya mafuta ya kula ina mikia mitatu mirefu ya kaboni. Mikia iliyonyooka hupangana kama kuni kwenye mzigo, ikashikana vizuri. Mkia wenye bondi maradufu hupinda kama kiwiko, na mzigo wenye kuni zilizopinda haufungiki.

Chukua asidi mbili za mafuta, ambazo ndizo mikia hiyo, zenye kaboni 18 kila moja. Ile ya mkia ulionyooka, iitwayo steariki, huyeyuka kwenye nyuzi 69. Ile yenye kiwiko kimoja, oleiki, huyeyuka kwenye nyuzi 13. Kiwiko kimoja tu! Mafuta ya alizeti yamejaa viwiko, ndiyo maana hukaa majimaji hata Njombe. Mafuta ya mbuzi yamejaa mikia mirefu iliyonyooka, nawe unayajua yanavyokugandia midomoni supu ikipoa.

Mafuta ya nazi yana kisa chake. Karibu mikia yote imenyooka, kwa hiyo ungetegemea yawe magumu kuliko ya mbuzi. Ila mikia hiyo ni mifupi, karibu nusu yake ikiwa na kaboni 12 tu. Kunyooka kunayavuta kwenye kuganda, ufupi unayavuta kwenye kuyeyuka, na wanapokutana ni hapo kwenye nyuzi 24, joto ambalo pwani yetu hulivuka huku na huku mwaka mzima. Nazi ingekuwa na mikia yenye kaboni mbili zaidi, swali la kwanza lisingeulizwa na mtu.

Kwa nini gesi ya kupikia inauzwa kwenye mitungi lakini gesi asilia ya Songo Songo inakuja kwa bomba?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ukizigandamiza katika joto la kawaida, molekuli zinakaribiana vya kutosha hadi kani ya London inazinasa, zikawa kimiminika. Tikisa mtungi uliojaa utasikia kinavyocheza ndani.

Gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, ambayo imekuwa ikiletwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, karibu yote ni methani. Molekuli ya methani ni ndogo, na mvutano wake ni hafifu kiasi kwamba juu ya nyuzi 82 chini ya sifuri hakuna shinikizo litakaloifanya kimiminika, hata ukiikandamiza vipi. Itabanana tu na kubaki gesi. Ili uimiminishe na kuisafirisha kwa meli lazima uipooze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ambapo ujazo wake hupungua mara 600 hivi. Ule mradi wa Lindi wa kuchakata gesi unaozungumzwa miaka nenda miaka rudi ni wa mabilioni ya dola kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ni hiyo: ubaridi wa namna hiyo haununuliwi kwa bei rahisi.

Mtungi wangu wa gesi hutoa jasho nikipika maharage. Unavuja?

Hapana. Ili molekuli iachane na wenzake na kutoka kama gesi, lazima ipate nishati, nayo inaichukua kwenye kimiminika kilichobaki na kwenye chuma cha mtungi. Mtungi unapoa, na unyevu wa hewani unageuka matone juu yake. Ukipika muda mrefu kwa moto mkubwa, hasa nyanda za juu asubuhi ya baridi, moto unaweza kufifia ingawa gesi imo: butani huchemka karibu na sifuri, na ikipoa hivyo haina hamu ya kutoka. Punguza moto, uache mtungi upate joto la chumba. Usiusogeze karibu na jiko, wala usiumwagie maji ya moto.

Kuvuja hujulikana kwa harufu na kwa povu la sabuni kwenye maungio. Na kumbuka propani na butani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hutambaa sakafuni.

Kwa nini mafuta ya taa yanachanganyika na petroli bila mtu kujua?

Kwa sababu ni ndugu wa damu. Petroli ni molekuli zenye kaboni 4 hadi 12 hivi, mafuta ya taa ni kama 10 hadi 16. Kani kati ya petroli na petroli, mafuta ya taa na mafuta ya taa, na hata petroli na mafuta ya taa, zote ni za London na zinakaribiana nguvu. Hakuna anayempendelea mwenzake, kwa hiyo wanachanganyika moja kwa moja na hawatengani hata ukiacha pipa mwaka mzima. Maji yakiingia kwenye petroli yatakaa chini, utayaona. Mafuta ya taa hayakupi nafasi hiyo.

Ndiyo maana serikali zimelazimika kupigana na uchakachuaji kwa njia nyingine: Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachakachuaji ipungue. Kemia yenyewe hukupa dokezo dogo tu. Dondosha tone la petroli safi kwenye karatasi, litakauka upesi. Lililochanganywa huacha doa la grisi linalokawia, maana molekuli ndefu hushikana zaidi na hazitoki haraka. Ni dokezo, usiende nalo mahakamani.

Maji na mafuta wanachukiana?

Watu husema hivyo, nami naona maji yanasingiziwa. Molekuli ya maji na ya mafuta zinavutana, kidogo. Tatizo ni kwamba molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe kwa bondi za haidrojeni, tena sana, na mafuta hayana cha kutoa badala yake. Mafuta hayafukuzwi ila yanakosa pa kukaa.

Hapo pilipili inaingia. Kinachowasha kwenye pilipili, kapsaisini, kina mkia wa kaboni na hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukinywa maji unakisambaza mdomo mzima. Kunywa maziwa: yana mafuta na protini zinazokichukua. Mtindi pia unafaa.

Lakini Pemba wanatoa mafuta ya karafuu kwa mvuke wa maji. Inakuwaje?

Kwa sababu hiyohiyo ya kutopatana. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya makonyo na majani ya mkarafuu, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi. Kuikeneka kwa moto mtupu ungeiunguza. Lakini vimiminika viwili visivyochanganyika, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na mivuke hiyo inajumlika. Jumla ikifikia shinikizo la hewa, vyote viwili huchemka, na hilo hutokea kabla kidogo ya nyuzi 100. Mvuke unapopozwa, maji na mafuta hurudi na kujitenga vyenyewe. Kama yujenoli na maji vingependana, mvuke wa maji usingeitoa kwa wepisi huo.

Kwa nini maji huchemka kwenye nyuzi 100? Mbona ni molekuli ndogo?

Ukiyalinganisha na jamaa zake, maji ni kioja. Haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, ni nzito karibu mara mbili ya maji, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa mfuatano huo maji yalipaswa kuwa gesi hata kwenye ncha ya kusini ya dunia. Kinachoyazuia ni bondi za haidrojeni. Kila molekuli ya maji inaweza kushikana na majirani wanne.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi: ethanoli, yaani spiriti, na dimethili etha zina atomi zilezile kwa idadi ileile, kaboni 2, haidrojeni 6, oksijeni 1. Uzito ni mmoja. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, etha kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Tofauti ni kwamba kwenye ethanoli kuna haidrojeni iliyoshikana na oksijeni, kwenye etha hakuna.

Mbona Nairobi maji huchemka mapema?

Kuchemka ni mvuke kushindana na shinikizo la hewa iliyo juu ya sufuria. Nairobi hewa ni nyepesi zaidi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; kilele cha Kibo, mita 5,895, ni kama nyuzi 80. Kani za maji ni zilezile. Usidhani maji yanayochemka mapema yanaivisha mapema: ni kinyume, maharage yatakuchukua muda mrefu zaidi kwa sababu maji hayafikii joto kubwa.

Mtungi wa udongo unapozaje maji bila umeme?

Maji hupenya vinyweleo vya udongo, yanafika nje na kukauka. Molekuli zinazofanikiwa kutoroka ni zile zenye hekaheka kubwa. Zinazobaki ni tulivu zaidi, yaani baridi zaidi. Kwa kuwa bondi za haidrojeni ni ngumu kuachia, kila gramu inayotoroka inaondoka na joto jingi, juli 2,400 hivi. Piga hesabu: katika lita moja, gramu 10 zikikauka, sawa na vijiko viwili vya chai, na joto lote likitoka kwenye maji hayo, yatapoa kwa karibu nyuzi 6.

Mtungi hufanya kazi Dodoma kuliko Unguja. Hewa ya Unguja imeshashiba unyevu, molekuli zikitoka nyingine zinarudi.

Ungetegemea spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano ipoze kidogo kuliko maji, maana kila gramu yake huchukua joto pungufu. Unahisi baridi kali kwa sababu inakauka upesi mno.

Kwa nini barafu inaelea?

Bondi za haidrojeni zina mwelekeo. Maji yakiganda, kila molekuli inawashika majirani wanne kwa pembe maalumu, na muundo unaotokea una nafasi tupu katikati. Sentimita moja ya ujazo ya barafu ina gramu 0.917 tu, kwa hiyo inaelea, na chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza inapasuka. Mafuta ya nazi hayana mambo hayo: yakiganda husinyaa, na vipande vyake huzama kwenye mafuta yaliyobaki majimaji. Jaribu.

Kwa nini asali ni nzito kumiminika?

Sukari zilizomo zina vikundi vingi vya oksijeni na haidrojeni, kila kimoja mkono wa kushika jirani, na maji ni machache, chini ya asilimia 20 kwa asali iliyokomaa. Ipashe moto kidogo, mikono inaachia, mnato unapungua. Ila usitumie uzito kupima uhalisi wa asali. Sukari guru iliyochemshwa vizuri nayo ni nzito.

Na chumvi? Inayeyuka kwenye nyuzi 801, ina kani gani?

Chumvi haina molekuli. Ni ayoni zenye chaji kamili zinazovutana pande zote, kwa hiyo haimo katika mada hii.

Kwa nini kanga ya pamba hujikunja na kuhitaji pasi?

Nyuzi za pamba ni selulosi, molekuli ndefu kama minyororo, nayo imejaa bondi za haidrojeni kati ya mnyororo na mnyororo. Ukiikalia kanga yenye unyevunyevu wa jasho, bondi zinaachia na kushika upya katika mkunjo uliopo. Ndiyo maana bibi alinyunyiza maji kabla ya pasi ya mkaa: maji na joto huachisha bondi, pasi hunyoosha, unyevu ukitoka bondi hushika upya zikiwa zimenyooka. Poliesta haina bondi hizo, kwa hiyo haijikunji sana, na kwa sababu hiyohiyo hainyonyi jasho. Nywele ulizobana kwa maji na zikakauka umbo lile, halafu ukanyeshewa, ni kisa kilekile.

Vidonge vya nondo kwenye sanduku hupotelea wapi?

Hewani. Naftalini, ambayo ndiyo vidonge hivyo, haina maji wala bondi za haidrojeni. Kani zake zinatosha kuifanya yabisi, hazitoshi kuizuia isitoroke moja kwa moja kuwa gesi. Funga sanduku vizuri, vitadumu.

Mjusi kafiri anatembeaje darini bila kuanguka? Ana gundi?

Hana gundi, hana vikombe vya kunyonya. Chini ya vidole vya mijusi wa aina hii kuna vijinywele vingi mno, na kila kijinywele kimegawanyika kuwa mamia ya ncha bapa ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa darubini ya kawaida. Ncha hizo hukaribia ukuta kabisa, na kwenye umbali huo kani za van der Waals huanza kufanya kazi. Moja si kitu. Zote pamoja zinambeba mjusi na akiba juu. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kellar Autumn walipima nguvu ya kijinywele kimoja mwaka 2000, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba hushika kwenye nyuso zinazopenda maji na zisizopenda maji vilevile, jambo lililodhoofisha hoja kwamba ni unyevu ndio unaonata.

Kujibandua hakumpi shida: anakunja vidole kwa juu, vijinywele vinabadili pembe na kuachia safu kwa safu. Kuna uso mmoja unaomshinda ukiwa mkavu, ule wa kikaango kisichoshika chakula. Florini zilizoko pale hushikilia elektroni zake kwa nguvu, haziyumbi kirahisi, kwa hiyo kani ya London inakosa pa kuanzia. Yai nalo huteleza kwa sababu hiyo.

Basi haya mafuta yangu yaliyoganda niyafanyeje?

Weka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, dakika chache yatarudi. Usiweke chupa ya plastiki kwenye moto. Yakiganda tena polepole unaweza kukuta chengachenga kama semolina: baadhi ya molekuli zimewahi kuganda na kujenga fuwele kubwa kabla ya wenzake. Yakikukera kwenye nywele, yayeyushe yote kisha uyapoze haraka, yatakuwa laini.